Sare Katika Sataranji: Je, Ni Woga?



Mhariri wa jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili aliniomba niandike makala juu ya sataranji, mchezo ambao wengi wetu huuita chesi. Nilikubali mara moja, na si kwa kuwa mimi ni bingwa. La hasha! Katika kikosi cha shule mimi hukaa meza ya mwisho. Nilikubali kwa sababu nina deni. Kuna mwenzetu mmoja nilimkosea kwa maneno makali mbele ya watu, tena kuhusu jambo ambalo nilikuwa silijui. Nimeona heri nililipe deni hilo hapa hapa, mbele ya watu wale wale, kwa kueleza kinaganaga jambo lenyewe. Jambo hilo ni sare.

NUSU POINTI ILIYOTUKOSESHA KIKOMBE

Wengi mnaikumbuka ile Jumamosi ya mashindano ya sataranji ya vijana hapa Kitengela. Wageni wetu wakubwa walikuwa vijana kutoka mjini Kajiado, ambao walidamka alfajiri wakaja kwa matatu kupitia Isinya, kwa ile barabara ya Namanga. Upepo wa nyanda za Athi ulivuma siku hiyo hata ikabidi madirisha ya ukumbi yafungwe, maana kete nyepesi za plastiki zilikuwa zikianguka zenyewe.

Kila mchezaji alipewa dakika 25 kwenye saa, bila nyongeza. Anayeshinda anapata pointi 1, anayeshindwa hapati kitu, na wakitoka sare kila mmoja anapata nusu. Pointi za wachezaji wote wa shule moja zinajumlishwa, na shule yenye jumla kubwa ndiyo inabeba kikombe.

Katika raundi ya mwisho meza zote zilimaliza isipokuwa moja. Upande wa kete nyeusi alikaa mwenzetu, binti wa Kidato cha Tatu. Sitamtaja jina kwa kuwa ameniomba nisimtaje. Upande wa kete nyeupe alikaa kijana wa Kajiado, mrefu, mpole, asiyeinua macho kutoka ubaoni. Sisi wengine tulisimama nyuma ya kamba tumeziba midomo kwa mikono, kwani mwamuzi alikuwa ameshatuonya mara mbili. Hesabu tulikuwa nayo vichwani: Kajiado walikuwa na pointi 11 na nusu, sisi 11. Mwenzetu akishinda, kikombe ni chetu.

Basi tukiwa tumesimama hapo, yule kijana akasogeza kete yake, akanena maneno machache kwa sauti ya chini, kisha akabonyeza saa. Mwenzetu akatazama ubao, akaitikia kwa kichwa, wakapeana mikono. Mwamuzi akaja akaandika nusu kwa nusu. Sare! Kajiado wakawa na 12, sisi 11 na nusu, na shule iliyotufuata ilikuwa na 11. Kikombe kikapanda matatu kikaenda zake Kajiado.

Jamani, maneno yaliyofuata! Tukirudi shuleni kwa miguu, vumbi likitupiga machoni, mmoja alisema, "Ameogopa huyo." Mwingine akadakia, "Ati droo! Kwani alienda kule kusalimiana?" Wa tatu akasema mechi imeuzwa. Nami, naandika hili kwa aibu, nilikuwa mkali kuliko wote. Nilimwambia usoni, "Ulikuwa na nafasi ya kutupa kikombe, ukachagua kuwa rafiki wa Kajiado." Hakunijibu. Alitembea tu.

Cha ajabu ni kwamba hata upande wa pili hawakuwa na raha. Kabla hatujaondoka, nilipokuwa nikisaidia kutoa meza nje, niliwasikia vijana wa Kajiado wakimgombeza mwenzao, na kikombe wanacho mkononi! "Wewe una askofu na kitunda, yeye ana mfalme mtupu. Unatoaje droo hapo?" Kumbe watu wawili walicheza vizuri, na wote wawili wakapata lawama. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza swali moja. Sikujiuliza mpaka usiku.

SARE NI KITU GANI HASA?

Sisi wanafunzi neno sare tumelijua tangu shule ya msingi: ni zile nguo za shule za namna moja. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wakivaa sare, huwezi kuwatofautisha. Sare ya mchezoni ni hivyo hivyo: wawili wametoka wakiwa sawa. Watangazaji wa mpira, hasa wa Tanzania, nao hupenda kusema suluhu, neno lililotoka Kiarabu na lenye maana ya mapatano.

Na hapo ndipo wengi wetu tunapotelea. Tukisikia suluhu tunadhani kila sare ni mapatano: wawili wamechoka, wamehurumiana, wameacha. Tena tumezoea mpira, ambao dakika 90 zikiisha refa anapuliza kipenga na mabao yakiwa sawa ni sare. Sataranji haina kipenga cha namna hiyo. Mchezo huisha kwa sababu ya hali iliyo ubaoni, na sheria zake, zinazosimamiwa na shirikisho la dunia la FIDE lililoundwa Paris mwaka 1924, zinataja njia kadhaa za kufika kwenye sare. Mimi nilikuwa naijua moja tu. Hizi hapa.

Kwanza, kuna mfalme kukwama. Zamu ni yako, mfalme wako hashambuliwi na kete yoyote, lakini huna hata hatua moja halali ya kucheza. Si mfalme, si kete nyingine inayoweza kusogea. Mchezo umekwisha papo hapo, sare. Tafauti na chekimeti ni ndogo lakini ni kubwa: katika chekimeti mfalme anashambuliwa na hana pa kutorokea, hapa hashambuliwi.

Pili, kuna hali iliyokufa. Kete zilizobaki haziwezi kumfunga mfalme hata mkicheza hadi Krismasi. Mfalme kwa mfalme, kwa mfano. Au mfalme na farasi mmoja dhidi ya mfalme mtupu, au mfalme na askofu mmoja dhidi ya mfalme mtupu.

Tatu, kuna kurudia. Hali ile ile ya ubao ikitokea mara 3, zamu ikiwa ya mtu yule yule, mchezaji anaweza kumwita mwamuzi na kudai sare. Ikitokea mara 5, mwamuzi anasimamisha mchezo bila kuombwa na mtu.

Nne, kuna hatua 50. Kila mchezaji akicheza hatua 50 bila kete yoyote kuliwa wala kitunda chochote kusogea, sare inaweza kudaiwa. Zikifika 75, mwamuzi anaingilia mwenyewe.

Tano, kuna muda. Muda wako ukiisha umeshindwa, ila kama mpinzani wako hana kete za kuweza kukufunga kwa njia yoyote ile, basi ni sare.

Sita, na ya mwisho, ndiyo mapatano yenyewe. Mchezaji anacheza hatua yake, anapendekeza sare, kisha anabonyeza saa. Mpinzani anaweza kukubali, kukataa kwa mdomo, au kukataa kwa kugusa kete ili acheze. Hiyo ndiyo niliyoiona kwa macho siku ile. Ambacho sikukiona ni kwamba nyuma ya mapatano yale kulikuwa na ile njia ya kwanza imejificha.

Nitaje pia kwamba sheria hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Sataranji ilianzia India, ikapita Uajemi, ikachukuliwa na Waarabu, na jina letu la Kiswahili linatokana na njia hiyo hiyo. Katika sataranji ya kale ya Waarabu, ukimkwamisha mfalme wa mwenzako umeshinda. Kule Uingereza, kuna kipindi cha miaka mingi ambapo aliyemkwamisha mwenzake ndiye aliyehesabiwa ameshindwa! Katika mashindano makubwa ya London ya mwaka 1851, mchezo wa sare haukuhesabiwa kabisa, ilibidi urudiwe. Nusu pointi ilikuja baadaye. Kwa hiyo ukiwa unaona sare ni kitu cha kutatanisha, usijali. Hata wazee wa mchezo wenyewe walihangaika nayo.

UBAO WA SIKU ILE

Sasa nawaomba tuchore ubao pamoja. Usiogope hata kama hujawahi kucheza. Kama umecheza drafti ya vifuniko vya chupa, umeona bao la wenzetu wa pwani, au umewatazama wazee wa Kimaasai hapa Kajiado wakicheza enkeshui kwenye mashimo yao, basi umeshajua kwamba mchezo wa ubao ni kuhesabu, si nguvu.

Ubao wa sataranji una miraba 64. Safu zinazokwenda juu zina majina kuanzia a hadi h, na mistari ina namba kuanzia 1 hadi 8. Mwenye kete nyeupe akikaa kwake, pembe ya mbali kabisa upande wake wa kulia ndiyo h8. Mraba huo ni mweusi. Tafadhali likumbuke hilo, maana ndilo jibu la makala hii yote.

Kijana wa Kajiado alikuwa na mfalme kwenye f5, askofu kwenye d3, na vitunda viwili kwenye g5 na h5. Kitunda ni yule askari mdogo anayekwenda mbele tu; akifika mstari wa mwisho anageuka malkia. Mwenzetu alikuwa na mfalme kwenye g8 na farasi kwenye h7, basi. Zamu ilikuwa ya mwenzetu.

Hata asiyejua sataranji anaona hali ilikuwa mbaya. Vitunda viwili vimeshikana bega kwa bega vinakuja, na nyuma yao mfalme na askofu wanasukuma. Kumbe ile ndoto yetu ya kushinda, tuliyokuwa nayo nyuma ya kamba, ilikuwa imekwisha zamani. Tulikuwa tunahesabu pointi, hatukuwa tunahesabu kete.

Mwenzetu akafikiri, kisha farasi wake akaruka kutoka h7 akala kitunda cha g5. Mfalme mweupe akamla yule farasi. Sisi tukaguna. Farasi mzima kwa kitunda kimoja! Sasa amebaki na mfalme peke yake. Mfalme huyo akaenda pembeni, h8, akakaa. Kijana wa Kajiado akasogeza mfalme wake hadi g6, akatazama ubao kwa muda mrefu, ndipo akatamka yale maneno.

Mimi nilimwona mwenzangu ametupa farasi. Yeye alikuwa amenunua nyumba.

USIKU WA PREPU

Jioni ile, baada ya chakula, alinikuta darasani nimekaa na vitabu vyangu. Hakugomba. Aliweka ubao juu ya dawati langu, akapanga kete nne tu: kwangu mfalme mweupe g5, askofu d3 na kitunda h5, kwake mfalme mweusi g8. Akasema, "Haya. Wewe ndiye Kajiado. Nishinde."

Nikacheka. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika mbili.

Mara ya kwanza nilipeleka mfalme g6, naye akaenda pembeni, h8. Nikaona ujanja: nikamweka askofu c4 ili azibe ule mraba wa g8 asirudi. Akakunja mikono. "Nicheze nini sasa?" Nikatazama. Mfalme wake hakuwa anashambuliwa na mtu, lakini g7 na h7 ziko chini ya mfalme wangu, na g8 iko chini ya askofu wangu. Amekwama. Sare.

Mara ya pili nikasema nitatumia kitunda. Nikasukuma hadi h6, nikaleta mfalme g6, kisha h7 nikimshambulia pale g8. Akarudi pembeni. Hapo nikagundua kwamba kila ninachocheza, ama yeye anakwama bila kushambuliwa, ama nakiacha kitunda changu kinaliwa. Sare tena.

Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Nilimzungusha askofu ubao mzima kama matatu inayotafuta abiria. Kengele ya kulala ikalia bado sijashinda, na mwenzangu hakuwa ametumia hata kete moja zaidi ya mfalme wake mtupu, anayekwenda h8, g8, h8, g8.

Ndipo akanieleza. Askofu hutembea kwa mshazari, kwa hiyo anayeanza kwenye mraba mweupe atabaki kwenye miraba myeupe hadi mwisho wa mchezo. Askofu wangu alikuwa wa myeupe. Kitunda changu cha h lazima kigeukie malkia kwenye h8, na h8 ni mraba mweusi. Askofu yule anaweza kuzunguka mwaka mzima hataweza kumgusa mfalme aliyekaa hapo. Naweza kumfungia mlango, ndiyo, lakini siwezi kumpiga. Na katika sataranji, kumfungia mtu mlango bila kumpiga ni kumkwamisha, na kumkwamisha ni sare.

Akaendelea, "Sasa fikiria kama ningeacha kile cha g kibaki." Nikafikiri. Kitunda cha g kinageukia g8. Mraba wa g8 ni mweupe. Askofu angeulinda, mfalme angefukuzwa, na weupe wangeshinda. Kwa hiyo si kwamba alimtoa farasi ovyo. Alimtoa kwa kitunda kimoja mahususi, akaacha kingine makusudi, kwa sababu ya rangi ya mraba mmoja wa pembeni. Na alifanya hivyo saa yake ikiwa imebakiza dakika 1 na sekunde kidogo, sisi tunamwangalia nyuma ya kamba.

Sikuwa na la kusema. Nilisema tu, "Pole." Akajibu, "Panga kete kwenye sanduku."

KWA NINI KIJANA WA KAJIADO HAKUENDELEA?

Hapa pana swali gumu, nami sitaki kulikimbia. Mwenzetu alikuwa na dakika 1. Yule kijana alikuwa na dakika 6. Kisheria, angeweza kuendelea kucheza, akimzungusha askofu wake kama nilivyofanya mimi, akingoja saa ya mwenzetu iishe au mkono wake utetemeke. Muda ungekwisha, mwenzetu angehesabiwa ameshindwa, kwa kuwa upande wa weupe ulikuwa na kitunda, na penye kitunda malkia bado anawezekana. Wenzake waliomgombeza hawakuwa wajinga. Walijua hilo.

Je, angeendelea angekuwa na kosa? Mimi nasema hapana. Saa ni sehemu ya mchezo, na aliyetumia muda wake vibaya hana wa kumlaumu. Mwalimu wetu wa mchezo pia anasema hivyo hivyo. Lakini nilimwuliza mwenzangu ni maneno gani yule kijana aliyanena, naye akaniambia: "Alisema, naona pembe ni yako. Sare?"

Maana yake alijua. Aliona kwamba mwenzetu amepata njia sahihi na hakutaka kumshinda kwa sekunde. Uamuzi huo ulikuwa wake, na kikombe kwao hakikuwa hatarini: kwa mfalme mtupu hakuna anayeweza kushinda, kwa hiyo sare iliwatosha. Lakini kwake yeye binafsi ilikuwa nusu pointi aliyoiacha mezani, na lawama aliyoibeba mpaka Kajiado. Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Yule kijana alimpa mwenzetu haki yake hata bila kumwua.

Na sisi je? Nusu ile tuliyoidharau ilitufanyia nini? Mwenzetu angeshindwa, tungebaki na 11, tukalingana na shule iliyotufuata, tukaanza kugombania nafasi ya pili. Nusu pointi ndiyo iliyotupa nafasi ya pili peke yetu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

MECHI YA KUUZA NI TAFAUTI

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila sare ni safi. Zipo sare za uongo. Wawili wanapatana kabla ya mchezo kuanza, wanacheza hatua chache za kupitisha muda, kisha wanapeana mikono na kwenda kunywa chai. Huo ni udanganyifu, na unawaumiza wale wanaopigania nafasi kwa jasho lao. Kwa sababu hiyo baadhi ya mashindano hukataza wachezaji kupatana sare kabla ya hatua ya 30 au ya 40.

Utazijuaje? Uulize ubao. Sare ya kweli huacha alama: kete zimeliwa, vitunda vimekwisha, mfalme amekimbia pembeni, mtu ametoa farasi. Sare ya uongo huacha ubao umejaa kete ambazo hazijagusana. Kabla hujasema mechi imeuzwa, tazama kilichobaki mezani. Mimi sikutazama. Nilitazama kikombe.

HATA WAKUBWA

Wengi wetu tumeiona filamu ya mwaka 2016 kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe kule Kampala, aliyefundishwa sataranji na Robert Katende. Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake. Tukiona filamu kama hizo tunakumbuka ushindi. Lakini wanaocheza hasa watakuambia kwamba safari ya mchezaji kijana imejaa nusu nusu.

Mwezi wa Machi mwaka 2004, mjini Reykjavik, mtoto wa miaka 13 kutoka Norwei aliketi mbele ya Garry Kasparov, mchezaji aliyekuwa namba 1 duniani. Mtoto huyo alifikia hali nzuri kuliko Kasparov, akashindwa kuimalizia, wakatoka sare. Mchezo wa pili Kasparov alishinda, na mtoto akatolewa kwenye mashindano. Lakini ulimwengu wa sataranji unaikumbuka ile sare hadi leo. Jina la mtoto ni Magnus Carlsen. Mwaka 2013 akawa bingwa wa dunia.

Kasparov mwenyewe alizijua sare vizuri. Mwaka 1984 mjini Moscow alianza kugombania ubingwa na Anatoly Karpov, na sheria ilikuwa atakayetangulia kushinda michezo 6 ndiye bingwa. Walicheza michezo 48. Karpov alishinda 5, Kasparov 3, na michezo 40 ikawa sare! Mwezi wa Februari mwaka 1985 rais wa FIDE alisimamisha shindano lile bila mshindi. Na mwaka 2018 kule London, Carlsen na Fabiano Caruana wa Marekani walicheza michezo 12 ya kawaida na yote 12 ikawa sare, mpaka Carlsen akashinda katika michezo ya muda mfupi. Sasa niambie, watu hawa nao walikuwa waoga?

KWA KUMALIZIA

Nimejifunza mambo mawili nami nayatoa bure. La kwanza ni la ubaoni: ukizidiwa, usitafute kushinda tena, tafuta pembe. Angalia kitunda cha mpinzani wako kitageukia mraba wa rangi gani, na askofu wake ni wa rangi gani. Rangi zisipolingana na kitunda ni cha pembeni kabisa, kimbia na mfalme wako ukakae pale. La pili ni la nje ya ubao: tusiseme asiyekubali kushindwa si mshindani halafu tukamcheka aliyekataa kushindwa kwa akili zake.

Mwenzangu, najua utayasoma haya, kwa sababu wewe ndiye uliyenisahihishia ile sehemu ya g5. Nilikukosea njiani mbele ya watu, nami nakuomba radhi mbele ya watu. Na wewe kijana wa Kajiado, jarida hili likikufikia huko, ujue kwamba huku Kitengela kuna watu wanaoijua ile pembe, na mwaka ujao tutakuja kwenu kukitafuta kikombe chetu.

Asiyeniamini kuhusu ubao ule na apange zile kete nne anitafute saa ya mapumziko. Atacheza weupe. Mimi nitacheza mfalme mtupu.

Kiswahili kitukuzwe!